Mwandishi: Mama Mkwe

Mama Shuka alitoka kwenye mtihani kama mtu aliyeokota pochi barabarani na hataki mwenyewe amwone. Hakuwangoja wenzake waliobaki uwanjani wakilinganisha majibu. Alikata mitaa mitatu kwa miguu, kalamu bado mkononi, na kila aliyemsalimia njiani alijibiwa "Nimelimaliza!" kabla hata hajauliza ni lipi. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mfua shuka wa hospitali kwa miaka kumi na tisa, alikuwa akitimua vumbi bila kujali nani anamtazama.

Barazani alimkuta mumewe, fundi viatu, ameinamia soli ya mteja huku misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni. Ndani, wifi yake alikuwa anapiga pasi sare yake ya duka la fotokopi. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, kando ya dirisha, akichambua mchele. Wote watatu wakainua vichwa.

"Nimejaza!" Mama Shuka akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Nimejaza mpaka nikaomba karatasi ya ziada! Msimamizi wa mtihani alinitazama hivi, akadhani namtania. Na asubuhi huyo huyo alinizuia mlangoni, eti wazazi wasubiri nje."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Umejaza? Umejaza kweli? Aa, umejaza!"

"Takriri huyo," wifi akasema. "Keshaanza."

Wakaangua kicheko wote wanne, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya nyumba ile kwa miezi mitatu. Kazini walikuwa wameletewa mashine mpya za kufulia, na pamoja na mashine likaja tangazo: mwendesha mashine awe na cheti cha elimu ya watu wazima, hatua ya pili, la sivyo atarudishwa kwenye vibarua. Mama Shuka alikuwa amefaulu masomo yote isipokuwa Fasihi, ambayo ilimwangusha mara mbili. Kila Jumatatu msimamizi wake wa zamu, kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, alisoma orodha mbele ya watu: fulani ameleta, fulani ameleta, Mama Shuka bado. Hiyo "bado" aliitamka taratibu, akiinyoosha, na wenzake wakajifanya wanakunja foronya.

Wifi ndiye aliyeokoa jahazi. Aliona kwamba maana za kitabuni zinaingia sikio hili na kutokea lile, basi akaamua kuzigawa mbinu zote kwa watu wa nyumbani. Takriri, yaani kurudiarudia, akapewa Fundi, ambaye hawezi kusema jambo mara moja likamtosha. Tashihisi, ya kuvipa vitu tabia za watu, akapewa Mama Shuka mwenyewe, kwa sababu huzisema mashine zake: namba tatu mvivu, namba tano ana kiburi. Kinaya wakakipata kwenye bango la hospitali lililoandikwa Usafi ni Uhai, na chini yake choo ambacho hata nzi huingia kwa kusitasita. Mama mkwe alipata mbili peke yake. Moja ni mbinu rejeshi, maana ukimwuliza leo tunapika nini, lazima kwanza akurudishe miaka hamsini nyuma. Ya pili ni taharuki, ya kumwacha msikilizaji roho juu, na hiyo alipewa bila kupingwa na mtu.

"Haya, swali la saba," wifi akasema, pasi mkononi. "Lile kubwa. Alama ishirini."

"Ndilo ninalokwambia! Chagua hadithi fupi moja unayoifahamu, taja mwandishi, eleza mbinu tano alizotumia. Wifi yangu, zilikuja zenyewe! Mkono ulikuwa unauma mimi nacheka peke yangu."

"Umechagua ipi? Ile ya dereva au ile ya mapacha?"

Mama Shuka akainama kukung'uta vumbi miguuni.

"Wifi, nakuuliza. Kitabuni zimo nane. Umechagua ipi?"

"Ile ya barua."

"Kitabuni hamna hadithi ya barua."

"Ile... ya mama. Ya kiwanda cha sabuni."

Pasi ikabaki hewani. Hata Fundi, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, hakurudia kitu. Mama Shuka akaanza kujieleza haraka haraka: kwamba alipofika swali la saba kichwa kilikuwa cheupe, si dereva wala mapacha, wote wametoweka, kwamba kila alipotafuta taharuki aliisikia kwa sauti ya mama, kwamba swali lenyewe lilisema hadithi unayoifahamu, na yeye hakuna hadithi anayoifahamu duniani kuliko ile.

"Na mwandishi?" wifi akauliza kwa sauti ndogo. "Wanataka jina la mwandishi."

"Nimeandika Mama Mkwe."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu, wifi akacheka mpaka akaiunguza sare begani. Mama Shuka naye alikuwa ameshaanza kucheka, akihisi pengine jambo si baya kihivyo, ndipo alipomwona mama mkwe. Mama mkwe hakuwa anacheka. Aliweka ungo chini polepole, akapangusa mikono.

"Mmenipeleka kwenye mtihani," akasema. "Mimi, mtu mzima na akili zangu. Bila kuniuliza."

"Mama, sikukusudia—"

"Watu nisiowajua wanakaa na kalamu nyekundu wananihesabia makosa." Akasimama, akaingia chumbani kwake, na mlango ukafungwa bila kelele yoyote.

*

Siku mbili mama mkwe alikula chumbani. Salamu aliitikia, maana mtu aliyelelewa hawezi kukataa salamu, lakini baada ya "marahaba" halikufuata neno. Nyumba ikapooza. Mama Shuka ndipo alipojua jinsi walivyozoea ile hadithi. Alikuwa ameisikia tangu akiwa bibi harusi: msichana, barua, kiwanda, bwana mkubwa anauliza swali, na mama mkwe anakatiza pale pale. "Nikamjibu..." halafu basi. Chai imepoa. Mgongo unauma. Nani amegonga? Miaka ishirini na mbili walimbembeleza, wakamnunia, wakaweka dau kati yao juu ya alichojibu, na jibu hawakulipata.

Siku ya tatu, Mama Shuka akiwa kazini, simu ilimtetemea mfukoni. Alikuwa Mwalimu wa darasa la watu wazima.

"Mama, karatasi yako imezuiwa."

Akaegemea mashine namba tano. "Imezuiwaje?"

"Kuna msahihishaji wa pili, mama mmoja kutoka kituo kingine. Mkali lakini wa haki. Amezunguka maktaba siku mbili anamtafuta mwandishi anayeitwa Mama Mkwe. Alidhani ni jina la kalamu. Ameuliza mpaka kwa wauza vitabu chakavu."

"Uwii."

"Sasa sikiliza. Kanuni haisemi lazima hadithi iwe ya kitabuni. Ya kusimuliwa inakubalika. Ila kama mtahiniwa ametunga mwenyewe ili mbinu zikae sawa, huo ni udanganyifu, na swali zima linafutwa. Anataka kumsikia mwandishi. Jumamosi saa nne, hapa darasani. Na asimulie mpaka mwisho."

"Na likifutwa?"

Mwalimu akashusha pumzi. "Maswali mengine yote una alama thelathini na tatu. Ya kufaulu ni hamsini."

Alipogeuka, msimamizi wa zamu alikuwa amesimama nyuma yake na orodha yake. "Mama Shuka, hapa ni kazini au kwenye kibanda cha simu? Na kile cheti?"

Kwa mara ya kwanza Mama Shuka hakuinamisha kichwa. "Jumatatu," akasema, na aliposikia sauti yake mwenyewe alishtuka ilivyokuwa na uhakika, kwa sababu uhakika wenyewe hakuwa nao hata chembe.

*

Alipiga moyo konde, akagonga mlango wa mama mkwe jioni ile ile kabla hata hajavua sare. Akapiga magoti sakafuni, karibu na kitanda, akamweleza yote bila kuficha: zile alama, zile siku mbili za kutafutwa maktaba, ile Jumatatu.

"Wamenitafuta maktaba?" mama mkwe akauliza.

"Siku mbili, mama. Na kwa wauza vitabu."

Mama mkwe akatazama ukutani. Kona ya mdomo wake ilitikisika kidogo, kama mtu anayezuia kicheko, kisha ikatulia. "Na wanataka mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho."

"Haiwezekani ya nusu?"

"Mama, mimi sijui mwisho wake. Kwenye mtihani nimeandika kwamba mwandishi anaujua ila anatunyima kwa makusudi. Sikuwa na lingine la kuandika." Machozi yakaanza kumlenga. "Kama hutaki, sitakulazimisha. Kufua shuka kwa mikono ninaweza. Nimefua sana."

Mama mkwe akamtazama ile mikono, iliyochubuka kwa dawa za hospitali. Halafu akasema tu, "Toa kanga yangu ile ya kutokea, uinyooshe," na Mama Shuka akajua wanakwenda.

*

Jumamosi waliingia darasani wote wanne, maana Fundi alifunga kibanda na wifi aliomba ruhusa. Jambo la kungojewa miaka ishirini na mbili si la kusimuliwa na mtu mwingine. Madawati yalikuwa ya watoto wa shule, magoti ya Fundi yakamfika kidevuni. Mwalimu alikaa pembeni. Msahihishaji wa pili, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alisimama mama mkwe alipoingia.

"Shikamoo mama. Nimekutafuta sana."

"Marahaba. Nimesikia," mama mkwe akasema, akakaa kwenye kiti cha mwalimu bila kukaribishwa.

Msahihishaji akaweka karatasi ya Mama Shuka mbele yake na kufungua kalamu nyekundu. Mama mkwe akaikodolea macho ile kalamu, akakohoa, akaanza.

Alianza, kama kawaida yake, mahali pasipo mwanzo. Alianza na mvua. Kisha akarudi nyuma kwenye mama mwenye nyumba aliyemtuma, kisha nyuma zaidi kwenye viatu alivyoazimwa vikambana, na msahihishaji akaweka tiki moja ndogo pembeni: mbinu rejeshi. Alikuwa na miaka kumi na sita, akasema, mfanyakazi wa ndani, na mwenye nyumba alimpa barua iliyofungwa na kumwambia mpe meneja wa kiwanda cha sabuni mkononi, usimpe mwingine, na usipotee, usipotee, usipotee. Tiki ya pili. Barua ilikuwa moto kifuani, ilikuwa inamfinya asiilowanishe, ilikuwa inamhimiza. Tiki ya tatu. Getini kulikuwa na mlinzi aliyenuka jasho la mwaka mzima, na nyuma yake mlima wa sabuni. Msahihishaji alicheka hapo, akaweka tiki ya nne kwa kinaya, na Mama Shuka akambana wifi yake mkono mpaka wifi akaguna.

"Nikapenya walikokuwa wanatolea magunia," mama mkwe akaendelea. Sauti ilikuwa imempanda, mikono inachora hewani, na darasa zima lilikuwa limeegemea mbele, Mwalimu akiwemo. "Nikafika ofisini nimelowa chapachapa. Nikampa. Akaifungua. Akasoma. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Akasoma tena. Macho yakambadilika. Akaniambia, binti, unajua kilichoandikwa humu? Nikamjibu..."

Akanyamaza.

Fundi alikuwa ameshika dawati kwa mikono miwili. "Ukamjibu nini, mama? Nini? Ukamjibu nini?"

Mama mkwe akatazama chini. Nguvu zote zilizokuwa kwenye sauti zikamwishia. "Nikamjibu, ndiyo."

Hakuna aliyeelewa.

"Sikujua kusoma," akasema. "Mpaka leo sijui. Nikaona haya kumwambia, mbele ya makarani wake. Nikasema ndiyo, najua. Akasema, basi kama unajua, hakuna haja ya mimi kusema zaidi. Akaiweka barua mfukoni. Nikarudi. Mwenye nyumba akaniuliza, amesemaje? Nikasema, amesema ameelewa. Wiki iliyofuata yule mama alihama mji, mimi nikatafuta kazi kwingine." Akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Labda ilikuwa ya kunitafutia kazi pale. Labda ya kunisema vibaya. Labda hainihusu kabisa. Sijui. Mwisho wenyewe ndio huo: hakuna mwisho."

Wifi alikuwa analia waziwazi. Mama Shuka akakumbuka mizaha yao yote juu ya mama mkwe. Miaka ishirini na mbili walimcheka, wakamwita taharuki, wakamwekea dau, na kumbe kila mara walikuwa wanambonyeza penye kidonda. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka.

Msahihishaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamgeukia Mama Shuka. Sauti yake haikuwa kali, ila kazi ni kazi. "Hadithi ipo, hilo halina ubishi. Alama kumi na sita ni zako, mama. Zimebaki nne za taharuki. Umeandika hapa kwamba mwandishi anaujua mwisho na anauzuia makusudi. Nilivyosikia, haujui. Mtu akinyamaza kwa sababu hana la kusema, hiyo siyo mbinu. Je, unalitetea jibu lako?"

Mwalimu, aliyeshapiga hesabu, akajikunja kwenye kiti. Mama Shuka naye alijua kujumlisha. Thelathini na tatu na kumi na sita ni arobaini na tisa. Arobaini na tisa ni "bado" ya Jumatatu, mbele ya watu wote. Alichohitaji kusema ni neno moja tu, natetea, halafu mama wa watu aanze kuhojiwa kuhusu aibu yake kana kwamba yuko kizimbani. Akaitazama ile mikono ya kizee iliyokuwa inakunjakunja ncha ya kanga ya kutokea.

"Nifutie," akasema. "Nifutie tu hizo nne. Hiyo siyo mbinu. Hayo ni maumivu ya mama yangu."

"Mke wangu!" Fundi akasema, na hakuongeza.

Msahihishaji akainamisha kalamu.

"We binti una wazimu?"

Kila mtu akageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama wima, na ile sauti ya hadithi imemrudia, tena zaidi.

"Afute nini? Nani kakwambia sikufanya makusudi? Wewe mwenye miwani, weka hiyo kalamu chini, unisikilize! Mara ya kwanza kabisa niliisimulia kwa mashoga zangu, tukiwa wasichana. Nikafika hapo nikawaambia ukweli, kwamba sijui barua ilisema nini. Wakasema, aa, kumbe haina maana, wakainuka wakaenda zao. Mara ya pili sikuwaambia. Nilisema nikamjibu, nikanyanyuka nikaenda kuteka maji. Wakanifuata mpaka bombani!" Akapiga kiganja juu ya meza. "Hapo ndipo nilipojua. Mume wangu nilimpata kwa hadithi hiyo, alikuwa anarudi kila jioni anataka jibu. Watoto hawa niliwalaza nayo. Huyu mkwe wangu nilimzoesha kwayo, alikuja hapa mwoga hata kucheka anaogopa. Najua pa kukatiza! Nikikatiza mapema, hawajali. Nikichelewa, wanashtukia kwamba sina kitu. Ni pale pale, kwenye 'nikamjibu', wala si mbele wala si nyuma. Miaka hamsini naifanya kazi hiyo, halafu unaniambia nilikuwa nimekosa la kusema?"

Msahihishaji alimtazama kwa muda, mdomo wazi kidogo, kisha akafanya jambo ambalo Mwalimu alisema baadaye hajawahi kumwona akilifanya: alicheka kwa sauti, akapiga paja.

"Hata mimi," akasema, "ulipokatiza pale, nilisahau kama nimeshika kalamu." Akainama, akaweka tiki ya tano, kubwa kuliko zote, akaandika ishirini na kuizungushia duara, akajumlisha juu ya karatasi na kutia sahihi. "Hamsini na tatu."

Fundi aliruka na dawati likaruka naye. "Hamsini na tatu! Hamsini na tatu! Hamsini na tatu!" Wifi alimkumbatia Mwalimu kwa makosa, akidhani ni kaka yake. Mama Shuka alimwendea mama mkwe akataka kupiga magoti, akazuiwa, wakabaki wameshikana, mmoja analia na mwingine anamwambia asimloweshee kanga.

Vurugu zilipotulia, mama mkwe akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyokuwa bado mezani, kurasa sita za mwandiko uliobanana.

"Mimi niko wapi hapo?"

Mama Shuka akamshika kidole, akakiweka juu ya mstari. "Hapa, mama. Mwandishi: Mama Mkwe. Halafu kuanzia hapa mpaka mwisho, yote ni wewe."

Mama mkwe alikipitisha kidole mstari kwa mstari, polepole, mpaka chini ya ukurasa, akakirudisha juu. Akavuta kiti, akakaa, akapanga kanga magotini.

"Nisomee," akasema. "Usiruke hata neno. Safari hii nataka nijue wameandika nini."

Msahihishaji akaisogeza karatasi kwa Mama Shuka, akafunga kalamu yake na kukaa asikilize. Mama Shuka akajipangusa macho kwa kiganja, akashika ukurasa wa kwanza kwa mikono miwili, akaanza kusoma.